Acheni kulisingizia jina la Mastodon

Mei 2025, X (Twitter ya zamani) ilipoacha kufunguka hapa Tanzania bila VPN, ile programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, kila grupu la WhatsApp la watu wa teknolojia liligeuka kamati ya kutafuta makazi mapya. La kwetu pia. Mmoja akapendekeza Mastodon, mtandao unaofanana na X. Hajamaliza hata kueleza ni kitu gani, mwingine akamkata: "Jina lenyewe kama dawa ya minyoo, nani atajiunga?" Emoji za kucheka zikamwagika, hoja ikafa palepale, watu wakarudi kuulizana VPN ipi haimalizi bando.

Kilichoniudhi si utani. Utani ulikuwa mzuri, nami nilicheka. Kilichoniudhi ni kwamba hoja hiyo hiyo naisikia tangu Oktoba 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44 na watu wakaanza kutafuta pa kukimbilia. Eti mitandao hii isiyo na mwenyewe mmoja, Mastodon na ndugu zake, haiwafikii watu wa kawaida kwa sababu walioipa majina hawana masikio. Wamarekani walilisema hilo kwa sababu zao, sisi tukaitikia "amina" bila kuuliza kama linatuhusu.

Kwao, haya, kuna chembe ya ukweli. Mastodon ni mnyama mwenye pembe jamii ya tembo aliyetoweka zamani, na Eugen Rochko, kijana wa Ujerumani aliyeuanzisha mtandao huo 2016, alilichukua jina kwa bendi ya muziki mzito anayoipenda. Hapo hakuna dhambi. Dhambi ni kuziita posti "toot", neno ambalo kwa Kiingereza cha mtaani cha Marekani maana yake ni kujamba. Mfikirie mhariri wa gazeti zito anawaambia waandishi wake wakajambe kuhusu bajeti ya serikali. Nakubali, hapo walijikwaa. Novemba 2022, katika toleo la 4.0, kitufe kikabadilishwa kikawa "Publish", na posti zikaanza kuitwa posti. Je, mafuriko ya watu yalifuata? Waliokuja mwaka ule walikuja kwa kumkimbia Musk, na wengi wao miezi michache baadaye walikuwa wameshaondoka, kitufe kikiwa kimetakaswa tayari.

Sasa tuje kwetu. Nani hapa Bongo alijua kwamba toot ni kujamba? Nani alijua mastodon ni tembo wa kale? Kwa mtu wa Kigoma, Mastodon na Instagram na Pinterest vyote ni sauti za kigeni zisizo na maana yoyote, na sauti za kigeni hazijawahi kutushinda. Tukakata, tukapachika irabu, tukaendelea: Insta, Fesibuku, Wasapu. Musk mwenyewe Julai 2023 alilitupa jina linalojulikana dunia nzima akaweka herufi moja, herufi ambayo ukiitafuta huko mtandaoni unaweza kukutana na mambo ya aibu. Jina baya kuliko hilo sijaliona. Watu walihama kwa sababu ya hilo? Hawakuhama. Wanaendelea kuiita Twita na kugombana mle mle kama jana.

Ila ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni VPN. Hebu litazameni hilo jina. Herufi tatu za Kiingereza ambazo asilimia kubwa ya wanaozitumia hawawezi kukwambia kirefu chake, zinatamkwa "vii-pii-eni", hazina picha, hazina ladha, hazina rangi. Ukizipeleka kwa mtaalamu wa matangazo atakufukuza ofisini. Na bado hakuna mtaa wa Dar ambako hazijulikani. Muuza chipsi anajua. Binamu yangu ambaye hajui kubadilisha picha ya profaili anajua, tena ana mbili, moja ya akiba. Waganda walijifunza mapema zaidi: Julai 2018 serikali yao ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, VPN ikawa msamiati wa nyumbani, na Januari 2021 Facebook ilipofungwa kule, ikawa kama chumvi jikoni. Hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 kutaka wanaotumia VPN waziandikishe, na nadhani tangazo lenyewe liliwafundisha watu neno hilo kuliko tangazo lolote la biashara. Watu walikitaka kitu kilichokuwa nyuma ya jina, basi jina wakalibeba lilivyo.

Na mnaokumbuka JamiiForums, lile jukwaa letu la mijadala, ilikotoka mnajua ilizaliwa 2006 ikiitwa JamboForums. Jina likabadilika njiani. Sikumbuki mtu aliyefunga akaunti kwa uchungu. Mada zilikuwa kule, watu wakawa kule.

Kwa hiyo jina la mtandao naliweka pembeni. Kuna jina jingine ambalo hawa wenzetu wamelikosea kwelikweli, na hilo hakuna anayelizungumzia kwa sababu kulirekebisha kuna gharama. Ni jina wanalokupa wewe.

Unaingia Mastodon kwa mara ya kwanza. Hujaona posti hata moja, hujui nani yuko mle, unaambiwa: chagua seva, yaani kompyuta ya nani itunze akaunti yako. Seva! Kuna orodha ndefu: ya wapiga picha, ya wanasayansi, ya watu wa mji fulani wa Ujerumani. Unachagua kwa kigezo gani? Unaambiwa usiwe na wasiwasi, zote zinaongea. Basi kama zote zinaongea, kwa nini unaniuliza? Mei 2023 walilegea kidogo, programu yao ikaanza kukupeleka moja kwa moja mastodon.social usipotaka kuchagua, na mashabiki wa kale wakalalamika kwamba imani imesalitiwa. Ukishavuka hapo unapewa jina lenye @ mbili, kitu kama @asha@mastodon.social, na ukimtajia mtu kwa mdomo lazima umtajie mpaka nukta. Jaribu kulitamka hilo kwenye kelele za Kariakoo.

Ukilalamika, jibu liko tayari: "Ni kama barua pepe tu." Nikilisikia jibu hili huwa natamani kurusha simu. Ni kama barua pepe kwa nani? Watu wengi ninaowajua wana barua pepe moja, ile aliyowafungulia fundi simu siku waliponunua simu, ili Play Store ifanye kazi. Anwani hawaijui. Nywila anaijua fundi, kama hajasahau. Simu ikiibiwa wanafungua nyingine, maisha yanaendelea. Utambulisho wa mtu wa kwetu mtandaoni ni namba ya simu, na jina lake ni lile alilosevu mwenzake: Fundi Bomba Tabata, Mama Neema Mkaa, Bosi Usimpokelee. Hatujipi majina, tunapewa. Halafu mtu anakuja na anwani inayofanana na barua ya kiofisi na kutuambia tuizoee kwa sababu tumeshaizoea!

Bado hatujafika kwenye ubaya wenyewe. Jina hilo si lako. Sehemu ya mwisho, ile baada ya @ ya pili, ni ya mwenye seva, na mwenye seva ni binadamu. Anachoka, anaishiwa hela, anaugua, anaachana na mambo. mastodon.lol ilikuwa na maelfu ya watu, mwenyewe akachoshwa na ugomvi, akatangaza Februari 2023 kwamba anaifunga. Utasema huyo ni mtu mmoja wa kujitolea. Haya, Mozilla, wale wa Firefox, waliifunga mozilla.social Desemba 2024. Na kuna seva iliyojipa anwani inayoishia na .af kwa sababu herufi hizo ni utani kwa vijana wa Kiingereza, ingawa .af ni ya Afghanistan, na Februari 2024 serikali ya Taliban ikaikata anwani hiyo. Watu wakaamka hawana jina. Mastodon inakuruhusu kuhamisha wafuasi wako kwenda seva nyingine, ndiyo, lakini mwenye seva akizima ghafla hata hilo huliwahi, na posti zako za zamani hazihami kwa vyovyote. Unaanza upya, mtu mzima na akili zako, unawaambia watu "mimi ndiye yule wa zamani".

Hili ndilo la kupigia kelele. Eti tunajadili dawa ya minyoo.

Wapo watakaoniletea Bluesky kama ushahidi kwamba jina zuri linalipa. Anga la bluu, nani hapendi? Wazo lilianzia ndani ya Twitter 2019, milango ikafunguliwa kwa wote Februari 2024, na Agosti 30 mwaka huo mahakama ya Brazil ilipoisimamisha X, Wabrazil walimiminika Bluesky kwa mamilioni ndani ya siku chache. Ila hawakufuata anga. Walikuta fomu moja, mlango mmoja, na wenzao wanaongea Kireno tayari. Hakuna aliyewauliza seva. Na kama majina mabaya yangekuwa yanaua, Bluesky ingekufa utotoni: watumiaji wa mwanzo waliamua wenyewe kuziita posti "skeet", neno chafu mara kumi ya toot. Mkuu wa kampuni wakati huo, Jay Graber, aliwaomba hadharani waache. Ndiyo kwanza wakanogewa.

Bluesky walilitendea haki pia jina la mtu. Ukiwa na kikoa chako, yaani anwani ya tovuti uliyoisajili mwenyewe, kikoa ndicho jina lako, na chini yake kuna kitambulisho kisichobadilika hata ukihama. Hilo ni jambo la akili, na nalisema kwa meno ya mbele kwa sababu najua kinachofuata: karibu kila mtu aliyeko Bluesky yuko kwenye seva za kampuni hiyo hiyo moja. Uhuru wa kuhama upo kwenye karatasi, waliohama ni wa kuhesabu. Kwa hiyo ni mtandao usio na mwenyewe ambao una mwenyewe. Threads nayo ilipata watu milioni 100 ndani ya siku tano Julai 2023, na msinilazimishe kusema ni kwa sababu ya uzuri wa neno "nyuzi". Instagram iliwabeba mgongoni.

Hapa kwetu kuna mgongo mwingine: bando. Kampuni za simu zinauza bando la mitandao ya kijamii, na kwenye orodha utaona WhatsApp, Facebook, Instagram. Mtandao usiokuwa kwenye orodha hiyo ni anasa ya wenye Wi-Fi ya ofisini, uitwe Mastodon, uitwe Asali.

Msinielewe vibaya, mimi naitaka mitandao hii ifanikiwe. Naitaka sana. Nimechoka kuona mazungumzo ya nchi nzima yakining'inia kwenye swichi moja, ambayo tajiri mmoja anaweza kuichezea kutoka Texas na wakubwa wetu wanaweza kuizima kutoka hapa, na katikati yetu hakuna anayeulizwa. Facebook imefungwa Uganda tangu 2021. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati ule sasa anajua kusoma na kuandika vizuri tu, na hajawahi kuifungua bila VPN. Seva mia ndogo ndogo zinazoongea ni ngumu kuzizima kwa barua moja. Ndiyo maana sipendi mjadala wa majina: unatupa sababu ya kucheka na kwenda kulala.

Maana kazi iliyobaki ni nzito. Tuseme kesho tunataka seva ya Waswahili, yenye wasimamizi wanaojua tofauti ya tusi la Tanga na utani wa watani. Nani anaiendesha? Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, na zikawapa wenye majukwaa wajibu juu ya yanayoandikwa na watu wengine. Sioni mwenye seva ya Mastodon atapenya wapi. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakamani, na kiini cha kesi kilikuwa kukataa kutoa taarifa za wanachama. Huyo ana kampuni, ana mawakili, ana jina linalojulikana hadi nje ya nchi. Msimamizi wa seva yetu atakuwa kijana wa IT mwenye mkopo wa bodi na mama anayemtegemea. Polisi wakitaka kujua @fulani ni nani, watagonga kwake.

Wanaotafuta jina tamu la Kiswahili la mtandao wetu mpya waendelee, majina yapo tele. Mimi nasubiri watu watano watakaokubali kuchanga hela ya seva kila mwezi, mwanasheria mmoja wa kusimama nao, na mmoja atakayeandika jina lake halisi kwenye fomu ya leseni.