Kutalii si kazi ya Wazungu peke yao

Mwambie Mtanzania mwenzako hapa Uingereza kwamba Jumamosi unakwenda York kutembea tu. Swali la kwanza ni: kuna nani huko? Akisikia hakuna ndugu, hakuna msiba wala harusi, unakwenda kutazama ukuta wa kale, anakuona una hela za kuchezea. Kwetu safari ina sababu. Umekwenda kumwona mgonjwa, kuzika, kuozesha, au kufuata mzigo Kariakoo. Kutembelea mji kwa ajili ya mji wenyewe tumewaachia Wazungu wenye kofia pana, na mimi nasema hapo ndipo Waingereza wametuzidi. Tena wametuzidi kwa jambo ambalo halihitaji utajiri kama tunavyopenda kujitetea.

Chukua Leicester ninakoishi. Hauna bahari wala mlima, na mvua yake ni ile ya manyunyu isiyojua kukata. Mfalme Richard wa Tatu aliuawa vitani karibu na hapa mwaka 1485, akazikwa harakaharaka katika kanisa la watawa. Kanisa likaja kubomolewa, mji ukajengwa juu yake, kaburi likasahaulika. Mwaka 2012 wanaakiolojia wa chuo kikuu cha hapa walichimba kwenye maegesho ya magari ya halmashauri na kumkuta mfalme amelala chini ya lami, uti wa mgongo umepinda kama ilivyosimuliwa. Vinasaba vya watu wa ukoo wa dada yake vikamaliza ubishi. Machi 2015 akazikwa upya kwa heshima ndani ya kanisa kuu.

Kilichonivutia zaidi ni walichofanya baadaye. Lile shimo hawakulifukia warudishe magari. Wameliwekea sakafu ya kioo na kulijengea kituo cha wageni, na siku niliyokwenda, aliyesimama pale kueleza alikuwa mzee mmoja mwenye beji kifuani, dereva wa basi mstaafu, anayejitolea bila mshahara. Alieleza vita ile kana kwamba alikuwepo, mpaka shoka lilipompata mfalme kisogoni. Na waliokuwa wakimsikiliza wengi walikuwa watu wa Leicester hukohuko, wamekuja na wajukuu.

Mji huohuo una historia nyingine ambayo sisi tunaijua zaidi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Kampala kuwaambia wasije, mji umejaa. Wakaja hivyohivyo. Leo Barabara ya Belgrave, waliyoijaza maduka ya dhahabu, sari na vitafunwa, ni kivutio ambacho mji wenyewe unajitangaza nacho. Nenda pale uagize mogo, yaani muhogo wetu wa kukaanga, wenye pilipili na ndimu. Kuna bibi mmoja mwenye duka, mzaliwa wa Mwanza, nilimwamkia shikamoo kwa kujaribu. Akajibu marahaba bila kuinua macho kwenye kikaango, kisha akaniuliza, "Samaki bei gani siku hizi kule?" Nikamwambia mimi wa Tanga, za Mwanza sizijui. Akaguna tu, akaniongezea pilipili.

York sitaieleza sana, picha zake mmeziona. Ukuta wake una urefu wa zaidi ya kilomita 3, unapanda na kutembea juu yake bure. Tangu 1951 kuna chama cha waongozaji wa kujitolea wanaowazungusha wageni mjini na hawachukui hata senti, ukiwapa bakshishi wanakataa. Hebu fikiria Mji Mkongwe, Unguja, mtu akuzungushe asubuhi nzima halafu akatae chai! Lakini msidhani Uingereza yote ni bure. Makanisa makuu maarufu yanakutoza pesa za kulisha familia wiki nzima, na kila mlango wa kutokea unapitia dukani, mtoto akuombe penseli ya bei ya kilo za mchele.

Huko Bath ndiko nilikokasirika kabisa, na hasira yenyewe ilikuwa ya Tanga. Warumi walikuta pale chemchemi ya majimoto yenye nyuzi joto karibu 46, wakajenga mabirika, na karne nyingi baadaye Waingereza wakajenga mji mzima wa mawe ya rangi ya asali kwa ajili ya wagonjwa na matajiri waliokuja kuoga. Mwaka 1987 ukaingia orodha ya urithi wa dunia. Unalipa kiingilio cha kutisha ili utazame maji ya kijani, na huruhusiwi hata kuchovya kidole. Watu wanatoka wameridhika! Sasa sisi, kilomita chache kutoka Tanga mjini, karibu na Mapango ya Amboni, tuna majimoto ya salfa ya Galanos, yaliyopewa jina la mlowezi Mgiriki wa mashamba ya mkonge. Ya kwetu unaruhusiwa kuoga, na watu huoga wakiamini yanatibu ngozi na viungo. Waulize vijana wa Ngamiani wangapi wamefika. Watakutajia kila mchezaji wa Manchester, lakini Galanos wengine watadhani ni shule tu, maana na shule ipo.

Najua jibu litakalokuja: Waingereza wana pesa, na nyingine walizitoa kwetu. Ni kweli, wala sipingi. Ukiingia Westminster Abbey jijini London, kwa kiingilio cha pauni 30 hivi, utalikuta sakafuni jiwe la kaburi la David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Limeandikwa kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mikono ya nani? Jiwe halisemi. Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, waliubeba mwili ule mwendo wa miezi kutoka Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo mwaka 1874. Jina lake limechongwa kwa herufi kubwa, wao wamebaki mikono. Nilimwonyesha binti yangu, naye akauliza kama Bagamoyo kuna jiwe lao. Mnara unaoonyeshwa wageni kule misheni, mahali mwili ulipolazwa, nao unaitwa Mnara wa Livingstone. Hilo la pili halikuletwa na ukosefu wa pesa.

Tena wao wenyewe si malaika wa kutunza. Liverpool ilifutwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021 kwa sababu ya majengo mapya yaliyopandishwa ufukweni. Sisi Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani kule Unguja, ilituporomokea Desemba 2020 na kuua watu, na haikuporomoka kwa siku moja, nyufa zilionekana miaka mingi.

Na kuna kitu ambacho hakuna kanisa wala ukuta wa Uingereza utakaokupa. Saa kumi na moja jioni miji hii inakufa. Maduka yanashusha milango, watu wanakimbilia vituo vya treni, unabaki wewe na njiwa, na walevi kama ni Ijumaa. Jioni hiyohiyo Tanga ndiyo kwanza inaamka: kahawa na kashata barazani, baiskeli zinapishana, mtu anabishana kuhusu Coastal Union mpaka mishipa inamtoka. Mgeni akifika kwetu hatazami mji, anaingizwa ndani yake. Hilo nisingelibadilisha hata kwa mabirika yote ya Warumi.

Lakini baraza haitunzi makaburi. Kusini mwa Tanga, Tongoni, kuna magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo ya Waswahili wa kale, ya zama moja na vitu vinavyopangiwa foleni York. Jirani na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma meli yake São Rafael mwaka 1499 kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Ukifika unaweza kukuta uko peke yako na mlinzi. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukikilinganisha na cha mgeni, kwa hiyo bei si kisingizio.

Tunachokosa ni yule mzee wa beji. Tanga imejaa walimu wastaafu, makarani wa zamani wa reli, mabaharia waliorudi, watu wanaojua mtaa gani ulikuwa wa nani na nani aliujenga. Hawajaulizwa. Wapewe kiti, kivuli na nauli pale Urithi Tanga, makumbusho ya mji, Jumamosi moja moja, shule zipelekwe. Mimi nauli za kuanzia nitachangia, na wale mnaoniuliza kuna nani York, nitawapitia na nyie kwa michango.