Puti si dawa ya kutu

Jamani mafundi wa bodi, acheni kupaka puti juu ya kutu! Gari langu la MGB la 1971, lile la paa la turubai, ninalo tangu 1994. Juzi nikapitisha sumaku chini ya mlango: haikushika. Nikagonga kwa bisibisi, likameguka bonge la puti nene kama kidole gumba, na nyuma yake gazeti lililokunjwakunjwa. Gazeti! Na pesa ya bati jipya na ya kuchomelea nilishalipa yote.

Gari hili halina chesisi iliyo kando na bodi, wala paa la chuma la kulikaza. Nguvu yake kubwa imo katika mabati yale yanayopita chini ya milango. Yakioza, bodi inalegea katikati. Ukiliinua kwa jeki, mlango unabana haufunguki. Na humo ndimo ninamompakia mjukuu wangu.

Kule Abingdon, Uingereza, waliacha kuunda magari haya 1980, lakini mabati hayo yanatengenezwa mapya hadi leo, yanaagizwa tu. Fundi, kama kuchomelea kumekushinda, niambie, nitatafuta mwingine. Lakini gazeti, jamani?