Kabla ya Msako, Tuulize Mshahara wa Mhudumu

Kila Bunge la Bajeti linapoanza Aprili, gesti za Dodoma hujaa, baa husogeza meza hadi ukingoni mwa barabara, na malalamiko huwa yale yale: dada poa wamezidi, baa zinaleta wanenguaji waliovaa nusu uchi, mji umeharibika. Jibu nalo halibadiliki. Karandinga, msako wa usiku, picha za mabinti waliojifunika nyuso. Mwenye baa anayewaajiri mabinti hao haulizwi anawalipa shilingi ngapi.

Wanaolalamika wana haki zao. Mwanafunzi wa UDOM anayesubiri bodaboda jioni huulizwa bei na mwanaume asiyemjua. Mji umefura haraka: sensa ya 2012 ilihesabu watu kama 411,000, ya 2022 ikapata zaidi ya 765,000, na katikati yake, mwaka 2016, serikali ilitangaza kuhamia. Wanaume wengi walikuja na kazi, familia zikabaki Dar es Salaam. Wapo pia wanaosema kucheza uchi na kuuza mwili ni kitu kimoja, kwa hiyo vyote vifungwe. Iceland ilifanya hivyo mwaka 2010: ilipiga marufuku biashara kuingiza fedha kwa uchi wa wafanyakazi wake, na hoja yao kubwa ilikuwa usawa wa wanawake. Ni hoja nzito, siibezi.

Lakini ukifuatilia historia ya klabu za kuvua nguo huko zilikoanzia, utaona uhusiano wake na ukahaba haukuwa wa namna moja siku zote. Katika ukumbi wa Windmill, London, miaka ya 1930, wanawake walisimama uchi jukwaani bila kutikisika, kwa kuwa mkaguzi wa serikali wa michezo ya jukwaani aliruhusu uchi usiotembea. Watazamaji walikaa kwenye viti vyao. Mwaka 1964 Carol Doda alipocheza kifua wazi katika klabu ya Condor, San Francisco, mcheza shoo alikuwa bado mtu wa jukwaani na mteja yuko mezani.

Kilichovunja umbali huo ni hesabu za mwenye klabu. Kuanzia miaka ya 1980, klabu nyingi za Marekani ziliacha kuwaita wachezaji waajiriwa, zikawaita watu wanaojitegemea, kisha zikaanza kuwatoza ada ya jukwaa kila usiku. Mcheza shoo anaingia kazini akiwa na deni. Ili alilipe inabidi ashuke jukwaani, akae mapajani mwa mteja, akubali chumba chenye pazia. Humo ndimo shoo na ukahaba vilipokaribiana. Mji ule ule wa San Francisco ulikuwa na Lusty Lady, ambako wanawake walicheza nyuma ya kioo na kulipwa kwa saa. Mwaka 1996 wakaanza kuunda chama cha wafanyakazi, na mwaka 2003 wakainunua klabu wakaiendesha kama ushirika. Walikuwa uchi kama wenzao wa mtaa wa pili. Tofauti ilikuwa mshahara.

Sasa rudi Dodoma. Klabu ya kuvua nguo yenye kibao mlangoni hatuna, ila mtindo wa malipo tunao. Mnenguaji wa bendi ya dansi alikuwa na mwajiri, na tuzo za mashabiki zilikuwa nyongeza. Wa leo anaweza kuitwa kwa usiku mmoja na kuambiwa malipo yake ndiyo hizo tuzo. Mhudumu wa baa hali yake haipishani sana. Amri ya mishahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha baa, migahawa na gesti kuwa shilingi 130,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 26 za kazi: 5,000 kwa siku. Kima kimepanda tangu hapo, lakini ishike hiyo 5,000. Itoe bodaboda ya saa tisa usiku, daladala zikiwa zimelala. Toa chakula na kodi ya chumba. Mteja akitoroka na bili, inakatwa kwake; glasi ikivunjika, inakatwa kwake. Halafu mteja anaweka elfu ishirini mezani na kutaja jina la gesti. Hiyo ni siku nne za kazi, na hapo tumehesabu kwamba mwenye baa analipa kima cha chini kweli.

Wapo watakaokwenda gesti hata wakilipwa vizuri. Nakubali, na mjadala wa watu wazima wanaochagua biashara hiyo wenyewe una mahali pake. Msako, hata hivyo, hauwatenganishi hao na aliyesukumwa na bili ya mteja aliyetoroka. Tena unaegemea vifungu vya uzururaji vilivyotokana na sheria ya Uingereza ya 1824. Mahakama ya Afrika, iliyoko hapo Arusha, ilitoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakinzana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu.

Sheria ya kuanzia tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apewe masharti ya kazi kwa maandishi, inabana makato ya mshahara, na inataka nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Leseni ya vileo inapitia halmashauri. Jiji linaweza kumtaka mwenye baa alete mikataba ya wahudumu wake na ushahidi wa malipo anapokuja kuihuisha, na afisa kazi akapita baa hizo Machi, kabla wageni wa Bunge hawajafika.