Vishikwambi vya Tanga havikuwa na mwalimu

Mei 2019, kampuni ya Kikorea na Kimarekani Enuma, kwa programu yake Kitkit School, na taasisi ya Uingereza onebillion ziligawana dola milioni 10 za shindano la Global Learning XPRIZE. Programu zao za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili zilikuwa zimejaribiwa kwa miezi 15 katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga. Wengi wa watoto waliozitumia hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja. Mwalimu hakuwepo. Mtoto alipewa kishikwambi, na kijijini kikawekwa kituo cha sola cha kuchajia.

Wasioweza kusoma neno walipungua kwa karibu nusu. Wenye shaka watauliza habari ya nusu iliyobaki, na wana haki: kishikwambi hakimjui mtoto aliyelala njaa. Lakini mtoto alikosea na kurudia bila kuchekwa wala kuchapwa. Katika darasa la watoto mia, nani anampa nafasi hiyo?

Kenya ilianzia upande wa pili, kwenye kifaa. Ahadi ya kampeni za 2013 ilikuwa kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikafutwa, vifaa vikaanza kufika shuleni 2016, hatimaye vikapita milioni moja. Vingi viliishia kufungiwa stoo, kwa hofu ya wezi au kwa kuwa mwalimu hakujua avitumieje. Peru nayo iligawa kompyuta za mpango wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto) kwa mamia ya maelfu. Tathmini ya 2012 haikuona nafuu katika hesabu wala lugha.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema fedha zote ziende kwenye madarasa na madawati, wala na mawaziri wanaopenda kupiga picha na maboksi. Tanga walianza na somo, tena kwa Kiswahili; kifaa kikafuata. Programu za waliofika fainali ziliachwa wazi, yeyote azichukue bure. Na baada ya sensa ya 2022, serikali ya Tanzania iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Vifaa vipo, masomo yapo. Kinachokosekana ni fungu la bajeti la fundi, la chaja, na la siku chache za kumkalisha mwalimu wa darasa la kwanza amfundishe mwenzake.