Pikapu kubwa za Marekani: turbo inaokoa mafuta kweli, au inasifiwa kwa kazi ya giaboksi?

Toyota Tundra ya mwaka 2021 ilikuwa na V8 (injini ya silinda nane) ya lita 5.7 isiyo na turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na kibandiko cha EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, kiliipa wastani wa maili 15 kwa galoni. Mwaka uliofuata Toyota waliitoa V8 hiyo, wakaweka V6 (silinda sita) ya lita 3.4 yenye turbo mbili, na kibandiko kikasoma maili 20. Kwa aliyezoea kilomita kwa lita, zidisha namba hizo kwa 0.425: ni kutoka 6.4 hadi 8.5. Tangu hapo mtetezi wa turbo hana haja ya maneno mengi. Anaonyesha namba hizo mbili, basi.

Ila kuna gari jingine ambalo mtetezi huyo hupenda kuliruka. Ford F-150 ya 2021 ya 4x2, yaani inayosukumwa na magurudumu mawili tu, iliuzwa na V8 ya lita 5.0, na pia na V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, ile inayoitwa EcoBoost. Bodi ni ileile ya alumini, giaboksi ni ileile ya gia 10. Wastani wa EPA: V8 maili 20, turbo maili 20. Mjini turbo inatangulia kwa maili moja, 18 kwa 17. Barabara kuu zote ni 24. Zimetolewa silinda mbili, zimeongezwa turbo mbili, na tangi halikuhisi kitu.

Zile maili tano za Tundra zilitoka wapi, basi? Ukishaiona Ford, ni vigumu kuipa turbo sifa zote. Tundra ya zamani ilikuwa ya muundo wa 2007, yenye giaboksi ya gia 6. Mpya ina gia 10, fremu mpya, na sehemu ya mzigo isiyo ya chuma tena. Ford walishafanya sehemu yao mwaka 2015 kwa bodi ya alumini iliyopunguza hadi kilo 318, na gia 10 zikafuata 2017. Gia nyingi huiacha injini izunguke polepole kwenye mwendo wa safari, na hilo linainufaisha V8 kama linavyoinufaisha V6.

Hii si kusema injini ndogo haiokoi kabisa. Injini ya petroli hupunguziwa nguvu kwa kunyimwa hewa. Ukilegeza mguu, kipepeo cha njia ya hewa hujifunga karibu chote, na pistoni zinabaki zikivuta kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Kazi hiyo inalipiwa mafuta bila kulisogeza gari. V8 kubwa ikitembea tupu kwa kilomita 90 kwa saa hutumia sehemu ndogo ya uwezo wake, kwa hiyo kipepeo kimebanwa na upotevu ni mkubwa. Injini ndogo kwa mwendo uleule inalazimika kukifungua zaidi, na hapo ndipo inapookoa. Ford yenyewe ina ushahidi: V6 ndogo zaidi ya lita 2.7 ilipata wastani wa maili 22 mwaka huohuo. General Motors (GM) walilifuata lengo hilo kwa njia nyingine. Waliiacha V8, lakini kuanzia 2019 kompyuta yake huchagua kati ya mipangilio 17 ya silinda za kuwasha na za kuzima, ili zile zinazofanya kazi zifanye kazi kwelikweli.

Mambo hugeuka mzigo unapoingia. Turbo ikisukuma hewa, joto na shinikizo ndani ya silinda hupanda, na petroli inaweza kuwaka kabla ya wakati wake. Kompyuta huchelewesha cheche. Joto likizidi, humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo inavyoweza kuunguza, ili ile ya ziada ipoze gesi zinazoelekea kwenye turbo. Petroli hiyo inaishia kwenye ekzosi bila kufanya kazi. Ndiyo maana V6 ya turbo inayopanda mlima na tela la tani tatu inaweza kunywa sawa na V8, pengine na zaidi. Na tela lenye uso mpana, kama nyumba ya kusafiria, linaweza kuishusha pikapu yoyote hadi karibu nusu ya namba ya kibandiko, iwe na silinda sita au nane.

Ajabu ni kwamba mwenye tela huyohuyo ndiye anayeipenda turbo, na ana sababu. EcoBoost ya 2021 hutoa nguvu ya kuzungusha ya Nm 678 kwenye mizunguko 3,100 tu kwa dakika. V8 ya 5.0 hutoa Nm 556, tena inabidi ipandishwe zaidi ya mizunguko 4,000 ndipo izitoe, kwa hiyo giaboksi hushuka gia na injini hupiga kelele mlima mzima. Kwenye barabara ya I-70 huko Colorado, handaki la Eisenhower liko juu ya mita 3,300. Hapo V8 isiyo na turbo imeshapoteza karibu theluthi ya nguvu yake kwa wembamba wa hewa, wakati turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma zaidi. Turbo basi ni chombo cha kuvutia mzigo. Imeuzwa kama chombo cha kuokoa mafuta kwa sababu maabara hupima gari bila tela.

Maabara hiyo nayo ieleweke. Jaribio la msingi la barabara kuu hufanyika kwenye rola, kwa wastani wa kilomita 77 kwa saa, na kilele chake hakifiki 100. EPA huongeza majaribio mengine ya mwendo mkali, ya baridi na ya kiyoyozi, kisha husahihisha namba, lakini bado si sawa na dereva anayeshikilia 120 siku nzima. Kutoka 97 hadi 120, nguvu ya upepo dhidi ya gari huongezeka kwa zaidi ya nusu. Pikapu kubwa ina uso kama kabati, na turbo haiwezi kuubadilisha uso huo.

Swali la kwa nini kampuni hung'ang'ania tofauti ya maili moja lina jibu la kibiashara. Ford huuza zaidi ya pikapu 700,000 za F-Series Marekani kwa mwaka. Asilimia moja ambayo mwenye gari hawezi hata kuipima, kwa kampuni ni wastani wa magari yote mbele ya sheria ya Marekani ya ulaji wa mafuta. Kwa miaka mingi aliyekosa wastani huo alilipa faini. Julai 2025 faini za sheria hiyo zilishushwa hadi sifuri, na mwezi mmoja kabla yake Ram, watengenezaji wengine wa pikapu, walikuwa wameshatangaza kuirudisha V8 yao ya Hemi ya lita 5.7 kwa magari ya 2026, baada ya kuiondoa kwenye pikapu yao ya 1500 ya 2025 na kuweka injini ya silinda sita za mstari mmoja, lita 3.0, turbo mbili. Injini hiyo mpya ina nguvu farasi 420 dhidi ya 395 za Hemi. Wateja waliitaka Hemi hata hivyo. Kwenye mafuta, kinachogombaniwa kati ya hizo mbili ni maili moja hivi.

Maili kwa galoni, na hata kilomita kwa lita, huficha hesabu yenyewe. Chukua kilomita 20,000 kwa mwaka. Gari la maili 15 litakunywa lita 3,136. La maili 20, lita 2,352. La maili 25, lita 1,882. Hatua ya kwanza imeokoa lita 784, ya pili 470, ingawa zote ni "maili tano". Tundra ya haibridi (petroli ikisaidiwa na mota ya umeme) ya 4x2 ilipewa maili 22 dhidi ya 20 za turbo ya kawaida: tofauti ni lita 214 kwa mwaka, sawa na galoni 56 na ushei. Galoni ikiwa dola 3.50, hizo ni kama dola 200. Mwenye V8 ya maili 15 anayehamia maili 20 anaokoa zaidi ya dola 700 kwa bei hiyohiyo. Aliye kwenye 20 tayari, anayebadilisha gari kwa ajili ya mafuta pekee, anajidanganya.

Sasa upande wa kuharibika, ambako kila kambi ina msiba wake. Turbo nyingi humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli. Mvuke wa oili huzigandia na kuwa masizi. Ford waliliona hilo, na kuanzia 2017 EcoBoost ya 3.5 ikapewa nozeli za pili kwenye njia ya hewa. Toyota wana nozeli za aina zote mbili. Anayenunua injini isiyo nazo ajue kwamba ipo siku itahitajika kazi ya kusafisha valvu. Tatizo la pili ni petroli kujiwakia yenyewe injini ikiwa kwenye mizunguko midogo huku imebebeshwa mzigo mkubwa. Pigo lake linaweza kuvunja pistoni. Dawa ni oili yenye alama ya ubora ya API SP kwenye kopo, ambayo mchanganyiko wake umebuniwa kupunguza hatari hiyo, na kuwasha modi ya kuvuta tela ili giaboksi isiibebeshe injini gia ya juu kabla ya wakati. Plagi nazo: shinikizo la turbo huifanya cheche iruke kwa shida, kwa hiyo mwanya uliopanuka kwa uchakavu huonekana kwanza mlimani, gari likikohoa, wakati kwenye tambarare liko sawa.

V8 je? Ile ya GM inayozima silinda hutumia tapeti (vipande vinavyosukuma valvu) zenye pini ndogo inayofungwa na kufunguliwa kwa shinikizo la oili. Pini ikikwama, silinda inakosa, unasikia mgongano wa tik-tik, na tapeti iliyokufa inaweza kukwangua kemshafti. Kwa kuwa ni injini ya kemshafti ya chini, tapeti zimekaa chini ya silinda hedi. Hedi lazima zitoke ndipo fundi azifikie. Akiba ya miaka kadhaa huishia kwenye kazi hiyo moja.

Halafu kuna suala la beringi. Mei 2024 Toyota waliyaita karakana magari kama 102,000 Marekani, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa sababu vipande vya chuma vilivyobaki kiwandani vilikuwa vikila beringi kuu hadi injini inanoki. Injini ya familia hiyo ndiyo iliyomo kwenye Land Cruiser 300 za petroli zinazopita Muscat na Dubai. Wapenzi wa V8 walicheka, lakini si kwa muda mrefu. Aprili 2025 GM waliyaita karibu magari 600,000 Marekani yenye V8 ya lita 6.2, ya 2021 hadi 2024, kwa konrodi na krenki zilizotengenezwa na kasoro. Silinda nane hazikuokoa chochote hapo.

Kilichofuata GM kinafundisha kuliko kasoro yenyewe. Injini zilizofaulu ukaguzi hazikubadilishwa. Zilimwagwa oili nyepesi ya 0W-20 na kujazwa 0W-40 iliyo nzito zaidi, pamoja na kifuniko kipya chenye maandishi ya oili hiyo. Chanzo kilikuwa utengenezaji, si oili. Hata hivyo oili nyepesi huchaguliwa kwa sababu inapunguza msuguano, na kila msuguano unaopungua husogeza namba ya kibandiko kidogo. Oili nzito huacha utando mnene zaidi kati ya beringi na krenki. Kampuni ilipolazimika kuchagua kati ya namba na utando, ilichagua utando.

Haibridi ina hoja yake nje ya kilomita. F-150 ya PowerBoost, haibridi ya Ford, hupata maili 25 mjini kwa 4x2, ambapo turbo ya kawaida hupata 18, na kwa ukubwa wa juu hutoa kilowati 7.2 za umeme nyuma ya gari. Fundi wa ujenzi anaacha jenereta nyumbani. Barabara kuu faida hupungua sana, na ile ya Tundra huko haipo kabisa: 24 kwa 24. Dizeli ya GM ya lita 3.0 ndiyo inayoshinda wote safarini, maili 33 barabara kuu ilipotoka 2020 kwa 4x2. Bei yake ni AdBlue (kimiminika cha kusafishia moshi kinachojazwa kando), chujio la moshi linaloziba kwa safari fupi za mjini, na mkanda wa pampu ya oili uliowekwa nyuma ya injini, ambao toleo la kwanza lilitakiwa kubadilishiwa kwenye maili 150,000. Kuufikia, giaboksi inashuka.

Mabishano haya yameshafika hata kwenye Land Cruiser 79, gari ambalo Afrika Mashariki inalijua kuliko F-150: V8 ya dizeli ya lita 4.5 yenye Nm 430 imeachia nafasi silinda nne za lita 2.8 zenye Nm 500.

Anayetaka kujua pikapu yake iko wapi asiitegemee skrini ya dashibodi. Jaza tangi pampu ikate yenyewe, andika kilomita, tembea kazi zako za kawaida, jaza tena kwenye pampu ileile, ugawanye kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara tatu upate wastani. Kama umebadilisha tairi za inchi 33 kwa za 35 na hukurekebisha spidi mita, ongeza asilimia 6 kwenye kilomita kabla ya kugawanya, maana tairi kubwa linatembea zaidi ya kinachohesabiwa. Ukishaongeza, ulaji bado utakuwa mbaya kuliko wa tairi za awali, kwa uzito na upepo, ila si mbaya kama ulivyodhani.