Shamba Langu la Ghorofa ya Tatu

Wanaume wenzangu wakifunga duka jioni pale Barabara ya Kirinyaga, mmoja anapitia nyama choma, mwingine anakimbilia mechi aliyoibetia. Mimi nabanana kwenye matatu hadi Donholm, napanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, nakunja mikono ya shati, nachukua mswaki na kupiga magoti mbele ya tangi la samaki. Napalilia. Shamba la marehemu babu liko Murang'a, magugu yamefika kiunoni, sijalikanyaga tangu Krismasi. Na huku nalipa kodi ya nyumba kila tarehe tano nipate mahali pa kung'oa nyasi chini ya maji.

Kosa ni langu. Mzungu mmoja, mteja wangu wa vipuri, alikuwa anarudi kwao, akaniuzia tangi la maji ya chumvi la lita 200 pamoja na pampu, taa ya buluu, mawe, vipande vinne vya matumbawe na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Bei ya kutupa. Mimi ninayeuza vipuri kuukuu siku nzima nilipaswa kujiuliza: mtu akikuachia kitu kizuri kwa bei hiyo huku anatabasamu, anakimbia nini?

Wiki ya tatu vumbi la kahawia likatanda kwenye kioo. Nikasoma kwamba ni diatomu, vijimea vidogo mno vinavyojijengea ganda la silika, madini yale ya kutengenezea kioo. Tangi likianza upya huja, silika ikipungua huondoka. Vikaondoka kweli. Nikaanza kuwaringia watu.

Mwezi wa pili ukaja mwani wa kijani, ule wa nyuzi. Ulianza kama ndevu za kijana wa kidato cha pili, hapa moja, pale moja. Nikaupuuza. Baada ya siku kumi jiwe zima limefuga nywele, zinapepea na mkondo wa pampu, huoni jiwe wala tumbawe. Mama Neema akasimama na kikombe chake cha chai, akatazama, akauliza, "Baba Neema, hayo mawe umeyavalisha wigi?"

Ukiung'oa unakatika, na kila kipande kinachoelea kinakwenda kutafuta kiwanja kwingine. Hata mabroka wa Kitengela hawana kasi hiyo.

Halafu mchanga nao ukatandikwa utando wa rangi ya damu ya mzee, una mapovu, unanuka. Huo kumbe hata si mwani. Ni sianobakteria, viumbe waliokuwepo duniani miaka zaidi ya bilioni mbili iliyopita, na ndio walioanza kuijaza hewa oksijeni. Unawafyonza kwa mpira asubuhi, ukirudi jioni zulia limetandikwa upya. Sasa niambie, kiumbe aliyeanza kazi kabla hewa haijawa na oksijeni ataogopa mswaki wa shilingi hamsini?

Nikauliza wajuzi chanzo ni nini. Wakaniambia: nitrati na fosfati. Mimi mtoto wa mkulima nikashtuka. Nitrati na fosfati si mbolea? Ndizo hizo hizo! Fosfati ndiyo ile ya DAP tunayopandia mahindi, nitrati ndiyo ya CAN tunayorudishia yakifika magotini. Samaki wanakula, wanajisaidia humo humo, mabaki yanaoza, mwani unapata mbolea. Yaani kuna wakulima wanapanga foleni ya mbolea tangu alfajiri, na mimi nimeanzisha kiwanda sebuleni bila kibali.

Nikanunua vichupa vya kupimia. Unatia matone, unasubiri, unalinganisha rangi. Fosfati: sifuri. Nikarudia. Sifuri. Nikampigia yule aliyeniuzia vichupa kumwambia vimeharibika, akacheka. Alisema mwani umeshaila yote, maji yatasoma nini? Ni kama kumpima mlevi kwa kuangalia kama chupa bado ina kitu.

Basi nikaambiwa lawama iko kwenye maji ya kujazia. Hapo ndipo ndoa ilipotikisika. Kwetu maji ya mfereji yanakuja mara mbili kwa wiki, mchana mmoja na usiku mmoja, na usiku wenyewe lazima mtu akeshe akisikiliza bomba likikohoa. Siku nyingine ni ya kisima, na visima vya Nairobi mnavijua, floridi inapaka watoto meno rangi ya chai. Wajuzi wakasema kila lita ninayojazia iwe ya maji yaliyochujwa na mtambo wa utando maalumu. Nikanunua. Mtambo wenyewe, ili ukupe mtungi mmoja wa maji safi, unamwaga mitungi mitatu! Nilifunga mlango wa bafu nilipokuwa nauwasha mara ya kwanza, kama mtu anayepika chang'aa. Mama Neema akaukuta mpira ule mwingine ukitiririsha kwenye shimo, siku ya tatu bila maji, amejifunga leso tayari kwenda kwa muuza maji na mkokoteni wake. Hakupiga kelele. Alileta beseni, ndoo mbili, karai, sufuria ya pilau na ule mtungi wa gesi wa zamani nisiojua alitaka kuutiaje maji. Tangu siku hiyo yale ya kumwagwa ndiyo ya kupiga deki na choo. Mtambo ukiwa unafanya kazi, nyumba yetu huwa na vyombo sakafuni kama paa linavuja mahali kumi.

Nilijaribu njia ya mkato pia. Tulikwenda Mombasa matangani, wakati wa kurudi nikachota mitungi miwili ya maji ya bahari, nikaenda nayo kupanda treni ya SGR. Kwenye ukaguzi mbwa akanusa, akapita. Askari hakupita. "Ni nini?" Maji. "Maji ya nini?" Ya bahari. "Unapeleka wapi?" Nairobi. Akanitazama kwa huruma kubwa, akamwita mwenzake, "Kuja uone, mgao wa Nairobi umefika mahali hapa." Niliiacha mitungi. Siku hizi nachanganya chumvi maalumu mwenyewe, gramu 35 kwa lita, nakoroga kwa mwiko, na kila jirani anayepita anauliza kwa nini sitii tu ile ya mezani.

Stima nayo ina vituko vyake. Dawa mojawapo ya ule utando mwekundu ni kuzima taa siku tatu na kufunika tangi kwa blanketi. Nikafunika. Saa mbili usiku stima ikapotea mtaa mzima. Kwa mara ya kwanza maishani nikafurahi, nikasema leo tumeelewana. Kumbe pampu nazo zimezima, na samaki bila mkondo watakosa hewa. Nilichota kwa jagi na kumimina, nikachota na kumimina, hadi saa sita usiku, mkono umekufa ganzi, Neema akinimulikia kwa simu na kuhesabu kwa sauti.

Lakini aliyenimaliza ni konokono. Walinishauri ninunue wanyama wanaokula mwani, niwaachie kazi. Nikaleta konokono wanne wa baharini, wanene kama ngumi ya mtoto, na kaa sita wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya wengine. Wapangaji kama mimi, nikawapenda papo hapo. Konokono wanafanya kazi, siwezi kusema uongo; anapita kwenye kioo anaacha njia safi kama kinyozi aliyepitisha mashine. Shida ni kwamba akipanda juu anaanguka. Na akiangukia mgongo hawezi kujigeuza, atalala hapo akipunga mguu hadi afe, akifa aoze, akioza awe mbolea. Kwa hiyo usiku nikiwa kitandani nasikia to! kwenye kioo, naamka, naingiza mkono hadi kwapani, namwinua, namsimamisha kama mlevi anayesaidiwa kupanda boda. Nalala. To!

Asubuhi moja nikahesabu konokono watatu. Wa nne kombe lake nililiona, linatembea, lakini kwa miguu ya kaa. Mpangaji amemuua mwenye nyumba na kuhamia. Sikumwambia landilodi wetu.

Bawabu wetu, Mgiriama wa Kilifi, ndiye hutupa taka zangu. Juzi akafungua mfuko akaona donge la mwani la kujaza sahani. Akanigeukia. "Mzee, huu mwani! Kule Kibuyuni, Kwale, akina mama wanaulima baharini, wanafunga kamba, wanaanika, wanauza. Wanatengeneza hata sabuni. Wewe unautupa?" Nikamweleza kuwa ule wao ni aina nyingine, huu hauna soko. Akatikisa kichwa. Naona anaamini nimekosa tu bidii.

Kufikia hapo nilikuwa nimepunguza taa hadi saa nane kwa siku, nasuuza uduvi wa barafu kwenye chujio la chai kabla ya kuwapa samaki, na nimeweka sheria: chakula mara moja kwa siku, saa moja asubuhi, na mpaji ni mimi. Nikabandika karatasi kwenye tangi, NIMESHAKULA, kwa kuwa hao samaki wawili ni waigizaji. Mtu akipita tu wanakimbilia kioo na kupapasa kama hawajaona kitu tangu uhuru. Neema aliapa hajawapa. Mama Neema hakuhitaji kuapa. Yeye tangu mwanzo husema samaki ni wa kuwekwa kwenye nazi.

Bado mwani ukaendelea kunawiri.

Jana usiku, to! Nikaamka, saa nane kasorobo. Sebuleni taa ya buluu ya mwezi inawaka, na mbele ya tangi amesimama Mama Neema na leso yake, kopo la chakula mkononi, anawanong'oneza.

"Mama Neema."

Hakuruka. "Walikuwa wananiangalia," akasema. "Nimetoka kunywa maji, nikawakuta wametoa macho hivi. Wewe ungeweza kurudi kulala?"

"Samaki hana kope. Hata akishiba atatoa macho."

"Umesoma wapi?"

"Kila usiku unawapa?"

"Kidogo tu. Na mchana, ukishaenda." Akafikiri. "Na Neema akitoka shule, lakini hapo ni yeye, mimi nasimamia tu."

Nikachukua lile kopo ili nilifunge. Yule samaki mkubwa akaja hadi kwenye kioo, akasimama mbele ya pua yangu, akafumbua mdomo, akafumba, akafumbua. Mama Neema akakunja mikono, ananitazama mimi, si samaki.

"Huyu mdogo naona hakupata," nikasema.

Nyuma ya jiwe, konokono akaanguka tena.