Kobe anayecheza na hesabu isiyopuuzika

Lawama inayomwandama Gordon Burghardt kila anapotajwa ni kwamba amewavisha kobe na kenge moyo wa mtoto wa binadamu. Anayesoma habari zake juu juu humwona mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, anayedai kwamba kobe hucheza mpira, na hukumu huwa tayari mdomoni: mtu huyu amewapenda wanyama wake kupita kiasi. Neno hilo husemwa hapa Mombasa pia, na watu wenye elimu yao, kila inapozuka hoja kwamba mamba na kobe wanaofugwa Nyali na Bamburi wanahitaji kitu cha kuwashughulisha zaidi ya chakula na maji. Wanaopinga wana hoja, na baadhi ya hoja hizo ni nzito. Hata hivyo naona wamemkosea, kwa sababu kazi yake ikisomwa kwa utulivu imefunga milango mingi kuliko ile iliyofungua.

Nguzo ya wapinzani ni kanuni aliyoiweka Mwingereza Conwy Lloyd Morgan mwaka 1894, kwamba tendo la mnyama lisifasiriwe kwa uwezo wa juu wa akili ikiwa uwezo wa chini unatosha kulieleza. Kanuni hiyo iliiokoa elimu ya tabia za wanyama na hadithi za mbwa wenye hekima na farasi wanaojua hesabu, na hakuna mtafiti wa maana anayetaka kuitupa. Sasa reptilia, yaani kobe, nyoka, mamba na wenzao, ni kiumbe anayepata joto lake kutoka nje, ambaye nguvu zake huisha upesi, na ambaye katika jamii nyingi hutoka kwenye yai akajitegemea bila mama. Mtu akimwona kobe anasukuma mpira, maelezo ya kwanza yanayostahili kupimwa ni kwamba amedhani ni chakula, au amevurugika kwa kufungiwa mahali pamoja. Tena kobe mmoja hawezi kuwa shahidi wa kobe wote.

Burghardt hakuyapuuza hayo. Aliingia katika fani hii kwa mlango wa nyoka, akapata shahada yake ya uzamivu Chicago mwaka 1966, na majaribio yake ya mwanzo yalikuwa makavu kabisa. Alichukua vitoto vya nyoka ambavyo havijawahi kula chochote tangu kuzaliwa, akavisogezea pamba iliyochovywa katika maji yenye harufu ya mnyoo, ya samaki au ya windo jingine, akahesabu ni mara ngapi kila kimoja kinatoa ulimi na kama kinaishambulia pamba. Vitoto vilichagua harufu za vyakula vinavyoliwa na jamii yao, ilhali havijapata kuvionja. Mtafiti aliyeanza kwa kuonyesha kiasi gani cha tabia ya mnyama huzaliwa naye hawezi kuitwa mtu mwepesi wa kuona fikra kila mahali.

Ukali huo ndio aliouingiza katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu asili ya mchezo wa wanyama. Humo anataka masharti matano yatimie yote kabla tendo halijaitwa mchezo. Tendo lisiwe na kazi kamili ya kuishi kwa wakati ule linapofanyika. Mnyama alifanye kwa hiari yake na lionekane kumridhisha lenyewe. Litofautiane na tendo la kweli, ama kwa umbo ama kwa wakati wake. Lirudiwe, lakini lisiwe mzunguko mkavu ule ule wa mnyama aliyechanganyikiwa. La tano, mnyama awe mzima, ameshiba, hana hofu. Ukiyapitisha masharti haya juu ya video za wanyama tunazotumiana kila siku, nyingi zitaanguka.

Mnyama aliyemletea sifa na kejeli kwa pamoja aliitwa Pigface, kobe wa majini mwenye gamba laini, wa jamii ya Mto Nile ambayo kwetu Kenya hupatikana Ziwa Turkana. Aliishi katika bustani ya wanyama ya taifa mjini Washington kwa zaidi ya miaka 50. Alikuwa na mazoea ya kujidhuru, akijikwaruza shingo kwa makucha na kujing'ata miguu ya mbele hadi vidonda. Watunzaji wakamtilia majini mipira, vijiti na pete kubwa ya kuelea. Akaisukuma mipira kwa pua, akaitafuna pete, akaivuta na kupenya katikati yake, na kule kujiumiza kukapungua sana. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1996, Burghardt na wenzake waliandika kwamba katika muda wote ambao kobe huyo alikuwa akijishughulisha, asilimia 31 hivi aliutumia na vitu hivyo.

Hesabu hii haifai kupitwa mbio. Wanyama wachanga wa jamii nyingi za mamalia, hao tunaokubali bila ubishi kwamba hucheza, kwa kawaida hawatumii hata asilimia 10 ya muda wao katika mchezo. Je, kobe mzee anamshinda mwana-mbuzi? Kusema hivyo ni kuitumia vibaya, na Burghardt mwenyewe ana nadharia inayozuia kosa hilo. Kwa maoni yake mchezo huibuka pale mnyama anapokuwa na ziada: chakula kimepatikana, adui hayupo, nguvu zimebaki na muda ni mwingi. Reptilia wa porini aghalabu hana ziada hiyo. Wa tangini anayo tele, na majini mwendo haumgharimu nguvu nyingi kama nchi kavu. Kwa hiyo asilimia 31 haitwambii lolote juu ya maisha ya kobe wa Turkana, na hapo wapinzani wana haki. Linalonisumbua ni upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo. Ikiwa karibu theluthi ya uchangamfu wa mnyama ilielekea kwenye mipira na pete mara vilipopatikana, katika miaka iliyotangulia uchangamfu huo ulikuwa ukienda wapi? Sehemu yake tunaijua, kwa kuwa iliandikwa shingoni na miguuni mwake. Hata atakayekataa katakata kuuita mchezo hawezi kuvikana vidonda, wala kupona kwake.

Mombasa tuna mfano wetu unaoonyesha kwa nini masharti yale yanatufaa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi, Owen, aliletwa Haller Park, akajibanza kwa kobe wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Dunia nzima iliisimulia habari hiyo kama mapenzi ya mama na mwana. Burghardt hutumia njia anayoiita kumfananisha mnyama na binadamu kwa uangalifu: hisia zetu zituletee swali, kisha biolojia ya mnyama husika itoe hukumu juu ya swali lenyewe. Kwa njia hiyo, kiboko mchanga aliyempoteza mama kutafuta mwili mkubwa wa kuegemea kunaeleweka vizuri. Upande wa Mzee, aliyeanza kwa kumkimbia na baadaye akamvumilia, yamkini ni mazoea tu. Masharti hayaidhalilishi habari ile. Yanaipa kila upande haki yake.

Ushahidi mkubwa wa uaminifu wake, kwangu mimi, ni nyoka. Ndio wanyama aliowasoma tangu ujana, na bado katika kitabu cha 2005 hakuona kwao ushahidi wa kutosha kuwaita wachezaji. Aliwakubali wengine ambao hakuna aliyewatarajia: joka la Komodo, yaani kenge mkubwa wa Indonesia, aitwaye Kraken, aliyejua kutofautisha kitu cha kuchezea na chakula, na samaki wa Ziwa Tanganyika, Tropheus duboisi, ambao madume watatu walikuwa wakikigonga kipimajoto kilichorudi kusimama kila kilipoangushwa, kila mmoja kwa mtindo wake. Mwaka 2022 watafiti wa London walitumia masharti yale yale kwa nyuki-bambi, aina ya nyuki wanene wenye manyoya, waliobingirisha vimpira vidogo bila malipo yoyote.

Panapobaki ugomvi wa kweli ni pendekezo lake la mwaka 1997. Niko Tinbergen, mtafiti Mholanzi wa tabia za wanyama, aliiwekea elimu hii maswali manne mwaka 1963: nini husababisha tabia, hukua vipi, ina faida gani, na ilitokana na nini katika mageuzi. Burghardt akataka la tano liongezwe, yaani maisha ya mnyama yalivyo kwa mnyama mwenyewe. Hapa nasita pamoja na wapinzani, maana furaha ya kobe haina mizani. Lakini kulikataza swali ni kulijibu kabla ya kulichunguza.

Kwa bustani zetu, kazi si kubwa. Vladimir Dinets, wakati huo naye akiwa Tennessee, alikusanya mwaka 2015 taarifa za mamba wanaochezea mipira na vitu vinavyoelea. Mtunzaji wa Nyali au Bamburi anaweza kutia kigogo au mpira mgumu majini mamba wakiwa wameshiba, akaandika nani aliusogelea, kwa muda gani, na kama alirudi kesho yake. Wageni wanaolipa kiingilio huonyeshwa saa ya kulisha peke yake, mamba anapoirukia nyama, na huondoka wakiamini kwamba wameshamwona mamba.